SELI SHINA NA MOYO MGONJWA: ULIZA KABLA YA KUUZA SHAMBA

Popote ulipo, uwe jikoni ukitayarisha chakula cha jioni, uwe dukani, au uwe ndani ya matatu ukirudi nyumbani, karibu katika mazungumzo yetu ya afya ya wiki hii. Mimi ni muuguzi wa afya ya jamii. Kazi yangu ni kutembelea watu nyumbani kwao, na siku nyingine kuketi na wagonjwa pale zahanati. Leo nataka tuzungumze juu ya jambo ambalo wengi wenu mmelisikia kwenye simu na kwenye mikutano, nalo ni tiba ya seli shina kwa watu wenye ugonjwa wa moyo.

Nianze na kisa. Mzee mmoja, mwalimu mstaafu, aliletwa kwenye zahanati yetu akiwa ameshikiliwa na mke wake upande mmoja na binti yake upande wa pili. Miguu ilikuwa imefura hadi magotini. Akitembea hatua kumi anahema kama mtu aliyepanda mlima. Usiku alikuwa hawezi kulala ila ameegemea mito mitatu. Mzee huyu namfahamu. Miaka miwili iliyopita alipata mshtuko wa moyo, akalazwa, na tangu hapo moyo wake umekuwa dhaifu. Lakini alikuwa akiendelea vizuri kwa dawa.

Nikamwuliza, "Mwalimu, dawa unameza?" Akanyamaza. Mke wake ndiye aliyejibu: "Sista, aliacha wiki tatu zilizopita. Anangoja kwenda ng'ambo kuwekewa moyo mpya wa seli."

Msikilizaji, nilikaa chini. Wakanieleza kwamba mpwa wake aliyeko mjini aliona video kwenye simu. Wakala akapatikana. Wakala akasema tiba ni dola 18,000, yaani zaidi ya shilingi milioni mbili, na kwamba ni lazima walipe kwanza shilingi laki mbili za kushika nafasi. Laki mbili ilikuwa imeshalipwa. Kamati ya harambee imeundwa. Ekari moja ya shamba imetafutiwa mnunuzi. Na huyo wakala alimshauri mzee aache dawa "ili mwili usafike" kabla ya safari.

Je, msikilizaji, ungekuwa wewe ungefanya nini? Ili tujibu swali hilo vizuri, ni lazima kwanza tuelewe mambo matatu: moyo unaumia vipi, seli shina ni kitu gani, na wataalamu wamegundua nini hadi leo.

MOYO UNAUMIA VIPI

Moyo ni msuli. Kazi yake ni kusukuma damu usiku na mchana. Msuli huo nao unahitaji damu yake wenyewe, ambayo huletwa na mishipa midogo iliyouzunguka. Mshipa mmoja ukiziba kwa mafuta na damu iliyoganda, sehemu ya msuli hukosa hewa safi na kufa. Huo ndio mshtuko wa moyo.

Ukijikata kidole jikoni, ngozi mpya huota. Ukivunjika mfupa, mfupa huunga. Lakini msuli wa moyo ni tofauti. Utafiti uliochapishwa mwaka 2009 ulionyesha kwamba seli za msuli wa moyo hujifanya upya polepole sana, karibu asilimia moja tu kwa mwaka kwa kijana, na chini ya nusu ya hiyo kwa mzee. Mshtuko mkubwa wa moyo unaweza kuua seli zipatazo bilioni moja kwa muda wa saa chache. Kwa hivyo mahali palipokufa hapaoti msuli mpya. Panabaki kovu. Kovu halisukumi damu. Sehemu iliyobaki hulazimika kufanya kazi ya wote, na baada ya muda huchoka na kupanuka. Maji hujaa miguuni na kwenye mapafu. Hali hiyo tunaiita moyo kulemewa.

Si mshtuko peke yake unaoleta hali hii. Hapa kwetu Kenya moyo hulemewa pia kwa sababu ya presha iliyokaa miaka mingi bila kutibiwa, kwa sababu ya milango ya moyo iliyoharibiwa na homa ya baridi yabisi utotoni, na wakati mwingine kwa akina mama karibu na kujifungua au baada yake.

SELI SHINA NI NINI

Mwili umejengwa kwa seli, kama nyumba ilivyojengwa kwa matofali. Seli nyingi zina kazi moja tu. Seli ya damu ni ya damu, seli ya ngozi ni ya ngozi. Lakini zipo seli ambazo bado hazijachagua kazi. Ni kama kijana aliyemaliza shule: anaweza kuwa seremala, dereva au mwalimu. Hizo ndizo seli shina. Nyingine zinapatikana ndani ya uboho, yaani ile nyama laini iliyo ndani ya mfupa. Hizo za uboho hutengeneza damu kila siku.

Nataka niwe mkweli, msikilizaji. Seli shina si uongo. Kwa magonjwa ya damu zinatumika kweli. Mtu mwenye saratani ya damu anaweza kuwekewa seli shina za uboho kutoka kwa ndugu yake na akapona. Hata watoto wengine wenye ugonjwa wa selimundu wameponywa kwa njia hiyo. Daktari wa Marekani, E. Donnall Thomas, alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1990 kwa kazi hiyo. Kwa hivyo mtu akikuambia kwamba seli shina zinaponya, hajadanganya. Swali letu ni hili: je, zinaponya moyo?

SAFARI YA UTAFITI

Mwaka 2001 watafiti wa Marekani walitangaza kwamba walichukua seli za uboho wa panya, wakazidunga kwenye moyo wa panya ulioumia, na msuli mpya ukaota. Dunia nzima ilifurahi. Mwaka huohuo madaktari wa Düsseldorf, Ujerumani, walianza kuwawekea binadamu seli za uboho wao wenyewe kupitia mishipa ya moyo.

Lakini mwaka 2004 makundi mawili mengine ya watafiti yalirudia jaribio lile la panya kwa uangalifu. Hayakuona msuli mpya. Seli za uboho zilibaki kuwa seli za damu. Kisha mwaka 2018 Chuo Kikuu cha Harvard na hospitali ya Brigham and Women's zilisema kwamba makala 31 kutoka maabara ya zamani ya mtafiti Piero Anversa, mmoja wa walioongoza kazi hii, zilikuwa na data zilizopotoshwa au kutungwa, zikaomba ziondolewe kwenye majarida.

Sikuelezi haya ili uwachukie wataalamu. Wataalamu wenzao ndio waliogundua kosa. Lakini kumbuka kwamba matumaini mengi unayoyaona kwenye video yalianzia kwenye kazi za aina hiyo.

Majaribio kwa binadamu yaliendelea. Huko Ulaya ulifanywa utafiti ulioitwa BAMI. Walitaka wagonjwa 3,000 waliopata mshtuko wa moyo, lakini wakapata 375 tu. Matokeo yalichapishwa mwaka 2020, na hayakuweza kuonyesha kwamba seli hizo zinaokoa maisha. Mwaka 2023 yakachapishwa matokeo ya utafiti mwingine mkubwa wa Amerika ya Kaskazini, DREAM-HF, uliokuwa na wagonjwa 537 wenye moyo uliolemewa. Wengine walidungwa seli moyoni, wengine walifanyiwa utaratibu kama huo bila seli. Wote waliendelea na dawa zao. Seli hazikupunguza idadi ya mara wagonjwa walizorudi kulazwa, na hilo ndilo lililokuwa lengo kuu. Kulikuwa na dalili kwamba walipata mshtuko wa moyo na kiharusi mara chache zaidi, lakini jambo hilo lahitaji kuthibitishwa na utafiti mwingine.

Sasa utauliza, mbona kwenye video kuna mtu anasema amepona? Msikilizaji, wagonjwa waliowekewa utaratibu bila seli, wengine wao pia husema wanajisikia nafuu. Mtu akipata tumaini, akitunzwa vizuri, akipimwa kila wiki, hujisikia vizuri kwa muda. Ndiyo maana wataalamu hulinganisha makundi mawili. Video moja hailinganishi na chochote. Na yule ambaye hakupona hawekwi kwenye video.

NJIA MPYA

Utafiti haujasimama. Mwaka 2006 mtaalamu wa Japani, Shinya Yamanaka, aligundua njia ya kuchukua seli ya kawaida, kama ya ngozi, na kuirudisha utotoni iwe kama seli shina. Alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2012. Seli hizo zinaweza kufundishwa zikawa msuli wa moyo, na zikidunda unaziona kwa darubini.

Mwezi wa Januari 2020 madaktari wa Chuo Kikuu cha Osaka walimwekea mgonjwa utando wa seli za aina hiyo juu ya moyo wake. Huko Ujerumani, watafiti walimshonea mama mmoja wa miaka 46 kiraka cha msuli uliotengenezwa kwa seli kama hizo wakati akingoja moyo wa kupandikizwa. Miezi mitatu baadaye alipopata moyo mwingine, wataalamu waliuchunguza ule wa zamani wakakuta msuli wa kiraka bado uko hai. Taarifa hiyo ilichapishwa mwaka 2025.

Hili ni jambo la kutia moyo. Lakini hao ni wagonjwa wachache, ndani ya utafiti, chini ya uangalizi mkali. Seli zikitoka kwa mtu mwingine, mgonjwa humeza dawa za kuzuia mwili usizikatae, na dawa hizo hupunguza nguvu ya kupambana na magonjwa. Tena kuna hofu ya mapigo ya moyo kwenda ovyo. Ni mbegu nzuri iliyo kitaluni. Bado haijawa chakula mezani.

HATARI ZA KUKIMBILIA

Kliniki zinazouza seli shina kwa kila ugonjwa, kuanzia magoti hadi kisukari hadi moyo, zipo nchi nyingi. Mwaka 2017 madaktari wa Marekani waliripoti juu ya wanawake watatu waliopofuka baada ya kudungwa seli machoni katika kliniki moja huko Florida. Mwaka 2018 wagonjwa 12 wa majimbo matatu ya Marekani walilazwa kwa maambukizi ya bakteria baada ya kudungwa bidhaa zilizotokana na damu ya kitovu. Ikiwa hayo yametokea Marekani, kwingine je?

Hapa kwetu pia zinauzwa tembe na unga unaoitwa "wa seli shina", mara wa tofaa, mara wa mmea mwingine. Msikilizaji, ukimeza seli ya tunda, tumbo huisaga kama linavyosaga ugali. Haiendi moyoni. Pesa hiyo ingetosha dawa zako za miezi kadhaa.

Na hatari kubwa kuliko zote ni ile iliyompata mwalimu wetu: kuacha dawa.

MASWALI YA KUULIZA

Mtu akikuletea habari ya tiba hii, usimfukuze wala usimtukane. Muulize maswali haya, na uyaandike kwenye karatasi:

Moja, je, hii ni tiba iliyoidhinishwa kwa ugonjwa wa moyo, au ni utafiti? Kufikia mwaka 2024, mamlaka ya dawa ya Marekani ilikuwa haijaidhinisha tiba yoyote ya seli shina kwa ugonjwa wa moyo.

Mbili, kama ni utafiti, kwa nini ninalipishwa? Utafiti wa kweli kwa kawaida haumlipishi mgonjwa dawa inayochunguzwa. Na hapa Kenya, utafiti wa dawa ni lazima uwe na kibali cha kamati ya maadili na cha Bodi ya Dawa na Sumu.

Tatu, seli zinatoka wapi? Ni zangu au za mtu mwingine?

Nne, nikipata shida nikisharudi nyumbani, ni nani atanitibu?

Tano, je, daktari wangu wa moyo amezungumza na daktari wenu?

Sita, kwa nini mnaniambia niache dawa? Mtu akikuambia uache dawa za moyo bila kuzungumza na daktari wako, funga mazungumzo hapo hapo.

KINACHOSAIDIA LEO

Sasa, mpenzi msikilizaji, usikate tamaa. Dawa za moyo uliolemewa zipo, na nyingi si ghali. Kwa mfano, spironolaktoni ni tembe ya zamani. Utafiti uliochapishwa mwaka 1999, wenye wagonjwa zaidi ya 1,600, ulionyesha kwamba ilipunguza vifo kwa asilimia 30 kwa wale waliokuwa na moyo dhaifu sana. Tembe isiyo na video wala wakala! Ziko pia enalapril, karvedilol, na ile ya kukojoa maji, furosemaidi. Kila moja ina kazi yake. Ile ya maji hukuondolea uvimbe, zile nyingine huongeza siku zako. Ukijisikia nafuu, usiache. Nafuu hiyo ndiyo kazi ya dawa. Ukipata kikohozi kikavu baada ya kuanza enalapril, mwambie daktari akubadilishie, usitupe tembe kichakani.

Jipime uzito kila asubuhi baada ya kwenda haja, kabla ya chai. Kama huna mizani, angalia miguu, na uangalie kama viatu vinabana. Uzito ukipanda kilo mbili kwa siku mbili au tatu, hayo ni maji. Njoo zahanati siku hiyo. Punguza chumvi: isizidi kijiko kimoja cha chai kwa siku, pamoja na ile iliyomo kwenye mkate na kwenye vikolezo vya pakiti. Acha sigara kabisa.

Na wewe usiye mgonjwa, pima presha. Ni dakika tano. Mtoto akiwa na maumivu ya koo na homa, mlete atibiwe, kwa maana koo lisilotibiwa linaweza kuleta homa ya baridi yabisi ambayo huharibu milango ya moyo. Milango hiyo haitengenezwi kwa seli shina, inahitaji upasuaji.

Ukihisi maumivu ya kubana katikati ya kifua, yanayokwenda mkononi au kwenye taya, pamoja na jasho jembamba, usingoje asubuhi. Nenda hospitali mara moja.

MWALIMU WETU

Labda unauliza, mwalimu alikuwaje? Siku ile tulimpeleka hospitali ya kaunti, akalazwa siku tisa. Dawa zikarudishwa, maji yakatoka. Mimi ni muuguzi, si daktari wa moyo, kwa hivyo nilimwomba daktari wake akae na familia yote, pamoja na yule mpwa, awaeleze. Aliwaeleza polepole, bila kumkemea mtu. Mpwa alilia. Alikuwa anampenda mjomba wake, ndiyo maana alitafuta.

Kabla hawajaondoka, binti yake alinivuta kando. Akaniambia, "Sista, na kama ingemsaidia? Tutajuaje?" Msikilizaji, swali hilo halikunitoka kwa wiki nzima. Nilimjibu hivi: "Siku ambayo itathibitika, daktari wa baba yako atakuwa wa kwanza kukuambia, na mimi nitakuwa wa kwanza kuchanga kwenye harambee. Lakini ni lazima siku hiyo imkute baba yako akiwa hai." 

Laki mbili haikurudi. Simu ya wakala haipatikani tena. Lakini shamba halikuuzwa, na msimu uliopita walipanda mahindi. Mwalimu hajapona, na sitakudanganya kwamba amepona. Moyo wake bado ni dhaifu. Lakini analala kwa mto mmoja, na kila Jumapili anatembea mwenyewe hadi kanisani, akipumzika mara mbili njiani. Pesa za harambee, zile zilizokuwa zimepatikana, kamati ilikubali ziwekwe za dawa na nauli ya kliniki.

Kwa hivyo, mpenzi msikilizaji, tukumbuke mambo manne. Seli shina ni elimu ya kweli, na kwa magonjwa ya damu zinatibu. Kwa moyo, bado zinachunguzwa. Asiache mtu dawa zake kwa kungoja tiba ambayo haijathibitishwa. Na kabla ya kuuza shamba, ng'ombe au ploti, uliza. Njoo zahanati, leta hata hiyo video, tutaitazama pamoja. Hakuna atakayekucheka.

Kama una mgonjwa wa moyo nyumbani, jioni hii mwulize swali moja tu: "Umemeza dawa?" Na kama hajameza, mletee maji.

Ni mimi muuguzi wako. Tukutane wiki ijayo saa kama hii, Mungu akipenda. Kwaheri, na ubaki na afya njema.